Nani Mwenye Amri Ndani ya Injini?

Barabara itokayo Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, hadi Butembo kupitia Beni huanzia kwenye kama mita 1,000 juu ya bahari na kuishia juu ya 1,700. Huko mgandamizo wa hewa umepungua karibu moja ya tano ukilinganishwa na wa pwani, lakini Hilux ya miaka ya 80 haina habari. Kabureta yake hufuata kasi ya hewa inayopita kwenye koo lake jembamba. Wepesi wa hewa hiyo haiupimi. Basi mafuta yanazidi, plagi zinashika masizi, na esanse iliyokwisha kulipiwa ushuru forodhani inatoka nyuma kama moshi mweusi. Dawa inajulikana. Tangu 1967, Bosch ilipoweka mfumo wa kielektroniki kwenye Volkswagen 1600, kompyuta ndogo imeweza kusoma mgandamizo wa hewa na joto la injini, kisha kufungua injekta kwa milisekunde chache tu. Mwaka 2001 hivi Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu huiunganisha mwenyewe nyumbani kwa pasi ya kulehemu. Baadaye ikaja Speeduino, iliyojengwa juu ya bodi ya Arduino, ambayo michoro na programu yake viko wazi kwa yeyote. Uwezekano, kwa hiyo, hauna ubishi. Ubishi uko kwenye maadili: je, ni halali kumwondolea fundi uamuzi alioushika mkononi na kuukabidhi kisanduku cha kompyuta?

Wanaosema si halali wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Katika gereji nyingi za Afrika mafundi wamefanya kinyume kabisa: wameng'oa injekta za kiwandani na kufunga kabureta. Hao hawakushindwa na maendeleo. Wamechagua kitu kinachofunguliwa kwa bisibisi na kuzibuliwa kwa pumzi ya mdomo. Ivan Illich, padri aliyeacha huduma ya upadri lakini hakuacha kufikiri kama padri, aliandika mwaka 1973 kuitetea zana ambayo mtu wa kawaida huitumia bila kumwomba mtaalamu ruhusa. Miaka zaidi ya 40 kabla yake, katika waraka wa Quadragesimo Anno wa 1931, Papa Pius XI alifundisha kwamba chombo kikubwa kisijitwalie kazi ambayo kilicho kidogo kinaiweza. Butembo haihitaji kuhubiriwa hilo. Katika miaka ya Askofu Emmanuel Kataliko, kuanzia 1966 hadi 1997, waumini na wafanyabiashara walijitengenezea barabara bila kuingoja Kinshasa, na mwaka 1989 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Mji wa namna hiyo una haki ya kukitilia shaka kisanduku kilichofungwa.

Hata hivyo hoja hiyo inachanganya kinachoshikika na kilicho huru. Kabureta nayo ilitoka mbali, na vitundu vyake vya shaba vilipimwa na watu ambao fundi hakuwahi kuwaona. Anapokitanua kimoja kwa waya, amevunja kipimo cha mwenzake bila kuwa na njia ya kujua amekivunja kwa kiasi gani. Atanusa, atasikiliza, atatazama moshi. Ujuzi huo ni wa kweli, ila umekaa ndani ya pua na sikio la mtu mmoja, naye akifa au akihamia Kampala umekwenda. Kisanduku cha kiwandani kimefungwa, ni kweli. Kile kilichounganishwa nyumbani ni jedwali la namba ambalo mtu hulisoma kwenye kompyuta kuukuu, hubadilisha namba moja, hujaribu gari, kisha hurudisha namba ya zamani akiona amekosea. Jedwali hunakiliwa na kufundishwa. Kwa kipimo cha Pius XI chenyewe, lina nafasi zaidi ya kubaki mikononi mwa wadogo, kwa sharti moja: anayelifunga amwachie mwenye gari mchoro wa nyaya na namba zote. Asipofanya hivyo amejifanya kiwanda kipya, tena kisicho na dhamana.

Pingamizi zito zaidi latoka barabarani. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wameuawa kwa mamia na mamia na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF, na kwenye njia ya Oicha na Eringeti, au ile ya Kasindi, gari kuharibika si kuchelewa tu. Kabureta mara nyingi hufa polepole, ikikohoa. Kwenye mfumo wa injekta, sensa ya krenki ikikatika, injini huzima papo hapo. Pia pampu ya injekta husukuma mafuta kwa mgandamizo wa baa 3 hivi, mara nyingi ya ule wa pampu ya kabureta, na mpira uliokazwa vibaya unaweza kurusha esanse juu ya chuma cha moto. Hapa sina jibu la kulimaliza pingamizi, nina jibu la kulipa nafasi yake. Mtu ana uhuru wa kujaribu injini yake, lakini uhuru huo hauwafikii abiria ambao hawakuulizwa. Basi majaribio yaanze kwa gari la mwenyewe, ndani ya mji, na kabureta ya zamani isiuzwe.

Linabaki swali la mkate. Fundi huishi kwa mteja kurudi, na anayegawa jedwali anajipunguzia wateja. Kumwambia atoe ujuzi bure kwa jina la jirani ni unafiki wa mwenye mshahara. Waraka wa Laborem Exercens wa Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, uliweka mtu mbele ya mtaji, na fundi naye ni mtu. Basi bei iandikwe mara mbili, ya vyuma na ya kufundisha, na mteja asiyetaka kulipia ya pili abaki na kabureta yake.