Mkono na Taa
Kandili iliyowaka katika nyumba za Bagamoyo kabla ya umeme, na iwakayo bado umeme ukatikapo, ina kigurudumu kidogo ubavuni. Akizungushaye hupandisha utambi au huushusha bila kuomba idhini, awe mwenye nyumba, mgeni au mtoto.

Sasa iko taa ya mezani ipunguzayo mwanga wake yenyewe kwa saa iliyopangwa katika simu. Taa nyingi za LED hazififishwi kama utambi. Huwashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde, jicho likadhani ni nuru hafifu. Akili hiyo yastahili sifa. Lakini bibi asiye na simu, akitaka kumtazama mjukuu mwenye homa usiku wa manane, atamwomba nani nuru? Aliyepanga jana hakuijua homa ya leo. Swichi ya ukutani nayo hukata umeme tu, na taa ikapoteza akili yake pamoja na mwanga.

Haki yadai kigurudumu kibaki juu ya taa, kisikate umeme bali kitoe amri, na amri ya kidole ishinde ratiba ya simu mpaka asubuhi. Mwenye simu atanung'unika kwamba mpango wake umevunjwa. Na anung'unike, hakuwamo chumbani.