Kufupisha na Kuficha

Watu wengi hudhani kuwa ukubwa wa kazi hupimwa kwa ukubwa wa kitu kilichotengenezwa. Ajengaye daraja huitwa fundi mkuu. Aundaye mfano wa daraja juu ya meza huambiwa kuwa anacheza. Wazo hili limezaliwa na macho kuliko akili. Jicho hushangazwa na kimo, lakini akili huuliza: Je, kitu hiki kimefanywa kwa uaminifu? Je, kinasema kweli? Katika insha hii, msomaji, nakualika utazame kazi moja ndogo, kazi ya kuunda mifano ya reli na magari ya moshi, kisha ujiulize pamoja nami swali ambalo si dogo hata kidogo: mtu asiyeweza kueleza mambo yote afanye nini ili yale machache anayoyaeleza yasiwe uongo?

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Watoto wa Afrika Mashariki wamekunja waya na kukata mikebe kwa miaka mingi ili wajipatie magari ya kuchezea, na aliyewahi kumtazama mtoto akinyoosha ekseli ya waya anajua kuwa mchezo ule una bidii ya kazi. Wako pia watu wazima duniani ambao hiyo ndiyo riziki yao: huunda vichwa vya treni, mabehewa na stesheni nzima kwa ajili ya majumba ya makumbusho na kwa watu wapendao kumbukumbu za reli. Jijini Nairobi liko Jumba la Makumbusho ya Reli, lililoanzishwa mwaka 1971, ambamo fundi wa namna hii aweza kuzitazama injini za zamani zenyewe. Kitengela nayo imezoea kazi za mikono. Nani Croze alianzisha karakana yake ya vioo katika mbuga za huko mwaka 1979, na vioo vilivyotupwa vikayeyushwa vikawa bilauri, shanga na mapambo. Basi tuchukulie, kwa ajili ya hoja yetu tu, kuwa yuko fundi wa mifano ya reli anayeishi Kitengela, na kuwa amepewa kazi ya juma moja. Mtu mwenye hoteli amemwagiza mfano wa stesheni ya Kajiado kama ilivyokuwa katikati ya miaka ya 1950, na meza ya kuuwekea ina urefu wa mita 3.

Siku ya Jumatatu fundi hashiki tupa wala gundi, hushika kalamu. Reli ya Magadi hutoka Konza, penye njia kuu ya Mombasa na Nairobi, hupita Kajiado, kisha huteremka katika Bonde la Ufa mpaka Ziwa Magadi. Urefu wake ni karibu kilomita 146. Kipimo kinachotumiwa sana na mafundi wa kazi hii ni cha 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za kweli huwa sentimita 1 ya mfano. Hata kwa kipimo hicho, reli nzima ingehitaji meza yenye urefu wa karibu mita 1,700. Meza ya mita 3 huchukua mita 261 tu za nchi. Kwa hiyo, kabla hajaunda kitu, fundi amekwisha kulazimishwa kuacha Konza, kuacha mteremko, kuacha ziwa na weupe wake wa magadi. Wahenga walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Njia ya fundi wetu nayo ni fupi. Je, naye ni mwongo?

Hatuwezi kumhukumu hivyo. Ramani ni fupi kuliko nchi, wasifu ni mfupi kuliko maisha, na hata kumbukumbu ya mama juu ya mwanawe ni fupi kuliko mwana mwenyewe. Kama kila aachaye jambo ni mwongo, basi hakuna msema kweli chini ya jua. Fundi hakumwahidi mtu kuwa meza yake itabeba kilomita 146. Atazamaye huona kwa macho yake kuwa reli inakoma ukingoni, na hapana anayedhani kuwa dunia nayo inakoma pale.

Jumanne na Jumatano ni siku za mikono. Fundi hukata mataruma ya mti yasiyozidi upana wa kijiti cha kiberiti, huyapanga moja moja, hulehemu waya, hupiga msasa kuta za kadibodi, na hupaka rangi mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha kumridhisha mpita njia. Hapa hukutana na uongo mwembamba sana. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani ya Afrika Mashariki ni mita 1 kamili. Kwa kipimo chake ingekuwa milimita 11 na nusu. Lakini vyuma vidogo viuzwavyo kwa kazi hii huwa na nafasi ya milimita 12. Nusu milimita imezidi, na nusu milimita hiyo, ikirudishwa katika ukubwa wa kweli, ni zaidi ya sentimita 4. Fundi huitumia bila kusumbuka moyoni, nami namwunga mkono. Kosa hilo halimpotoshi mtu juu ya jambo lolote lenye maana, wala halimnyimi mtu haki yake.

Alhamisi mwenye hoteli huja kutazama kazi, na jaribu la kwanza huingia pamoja naye. Anataka injini kubwa isimame stesheni. Zilikuwako injini za mvuke 34 za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock mjini Manchester na kuletwa katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli za upana wa mita 1. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, na mlima Gelai wenyewe uko Tanzania karibu na Ziwa Natron, si mbali sana na Magadi. “Fundi,” asema mwenye hoteli, “jina la mlima wa jirani, injini ya fahari, niwekee hiyo.” Jaribu ni tamu. Lakini injini zile ziliundwa kwa mizigo mizito ya njia kuu kati ya Mombasa na Nairobi. Hazikuundwa kwa ajili ya tawi la Magadi. Kuisimamisha Kajiado ni kama kumvika shujaa medali ya vita asivyopigana.

Hata hivyo jambo hili lina dawa. Fundi aweza kuiunda injini, ambayo katika kipimo chake itapata urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 36, na kubandika chini yake kibao chenye maneno machache: injini hii haikuundwa kwa njia hii, imewekwa hapa kwa uzuri wake. Uongo uliotangazwa na msemaji wake hauwi uongo tena. Umegeuka kuwa hadithi, na hadithi ni mapatano kati ya anayesimulia na anayesikiliza. Mwenye hoteli acheka na kukubali.

Ijumaa jaribu la pili huja, nalo halichekeshi. Fundi amekwisha kuweka watu, kila mmoja chini ya sentimita 2: mchungaji wa Kimaasai na ng'ombe wake kando ya reli, na wafanyakazi wa njia wenye nyundo na sururu. Mwenye hoteli awatazama kwa muda, kisha asema, “Hawa waondoe. Wageni wangu wanapenda reli safi na mbuga tupu.” Hakusema kwa ubaya. Ni mtu apendaye vitu nadhifu, na fedha ni zake.

Lakini ebu tuyapime maneno haya mawili, mbuga tupu. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili wakae mbali na njia ya reli na mbali na ardhi iliyotakiwa na walowezi. Kwa mapatano ya mwaka 1911 waliokuwa wamepelekwa Laikipia wakatakiwa kuhama tena, kuelekea kusini, katika eneo ambalo Kajiado imo. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kuyapinga, na kesi yao ikakataliwa mwaka 1913. Katika mwaka huohuo wa 1911 Kampuni ya Magadi iliundwa, na reli yake ikamalizika mwaka 1915, ikipita katika nchi hiyohiyo ambayo Wamaasai waliambiwa kuwa ndiyo yao. Nayo njia kuu kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika wengi. Na katika wale Wahindi karibu 2,500 walikufa. Meza isiyo na mchungaji wala mtu wa sururu haina neno lolote lililoandikwa, lakini inasema. Inasema kuwa nchi ilikuwa haina wenyewe, na kuwa reli ilijilaza ardhini bila mikono.

Hapa ndipo tunapopata tofauti tuliyokuwa tukiitafuta, tofauti kati ya kufupisha na kuficha. Kipimo chake ni rahisi. Mwite kila aliyeachwa nje aje asimame mbele ya meza. Mtu wa Konza atasema, “Stesheni yetu haimo, meza ni fupi.” Atalalamikia urefu, naye atajibiwa kwa urefu. Mjukuu wa mchungaji atasema, “Njia ilipita malishoni kwetu, mbona sisi hatumo?” Huyu halalamikii urefu wa meza, maana ng'ombe wake walikuwa na nafasi na wameondolewa. Mfupishaji huacha jambo kwa sababu halienei. Mfichaji huacha jambo kwa sababu linaenea na kuonekana.

Najua kuwa utanipinga, msomaji, na pingamizi lako si la kubezwa. Utasema kuwa fundi ana kodi ya nyumba na watoto wa kulisha, na kuwa mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua. Sitakuahidi kuwa mwishowe fundi atapata fedha zaidi kwa uaminifu wake. Yako majuma ambayo mwaminifu hulala na njaa, na asiyewahi kulala hivyo asihubiri kwa sauti kubwa. Lakini tazama ni nani anayedanganywa. Mwenye hoteli hadanganywi, kwa kuwa anajua alichokiondoa. Anayedanganywa ni mtoto atakayeshika ukingo wa meza baada ya miaka mingi, mtoto asiyeona Kajiado ya zamani, ambaye mfano huu utakuwa ndio kumbukumbu yake. Fedha za mwenye hoteli hununua meza. Hazinunui kumbukumbu za watu wengine.

Jumamosi, basi, fundi atoe shauri lake. Aseme, “Bwana, nitasogeza ng'ombe wasiizibe injini. Nikipungukiwa na nafasi nitaondoa mti, nitaondoa taa, nitaondoa hata kibao chenye jina langu. Watu hawa naomba wabaki.” Aseme kwa adabu, kisha anyamaze. Yamkini atalipwa, yamkini atalipwa nusu, yamkini meza itarudi Kitengela juu ya gari la mizigo ikiwa bado yake. Jumapili atapumzika bila kujua, lakini atakuwa akijua ni kazi gani aliyoifanya.

Reli mpya imekwisha kufika kando ya ile ya zamani. Ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaendelea mpaka Bonde la Ufa, ikivuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja la karibu kilomita 6 na kupita katika Kaunti ya Kajiado. Siku moja mtu ataiunda juu ya meza, na atalazimika kuchagua.

Nawe unachagua kila siku. Unaposimulia ugomvi uliotokea uwanjani, unapomwandikia mzazi barua kutoka shuleni, unapojibu swali la historia katika kurasa mbili, unaunda mfano wa dunia katika kipimo kidogo, na mengi hayataenea. Usione haya kwa ufupi wake. Ila kabla hujaweka kalamu chini, mwite yule uliyemwacha nje, mweke mbele ya maneno yako, na umsikilize atakavyosema.