Alama ya Urithi na Suala la Kudura

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walibaini kuwa wagonjwa waliobabuka ngozi vibaya kwa karbamazepini, dawa ya kuzuia kifafa, walikuwa na HLA-B*15:02, yaani aina mahususi ya jeni inayoisaidia kinga ya mwili kutambua vitu vigeni. Hata hivyo, wengi wenye alama hiyo huimeza dawa bila kudhurika, kwa hiyo kipimo cha alama hiyo hakisomi kudura bali hukadiria hatari, na anayekikataa kwa hoja kwamba yaliyoandikwa yatakuwa husahau kwamba onyo nalo huenda limeandikwa. Lililo gumu zaidi ni haki: daktari huwanyima wengi wenye alama hiyo dawa ambayo isingewadhuru, ili amwokoe mmoja asiyeweza kutambulika mapema, jambo linaloteteka mradi dawa mbadala ipo na mgonjwa anaimudu.