Mwanamke wa Miaka Kumi na Miwili
(Marko 5:21–43)

Yule mwanamke alitokwa na damu miaka 12, na mali yake yote ilikwisha kwa waganga. Alimjia Bwana kwa nyuma, kwa siri, maana aliona haya. Lakini Bwana hakumwacha aende zake na siri yake. Alimtafuta mbele ya mkutano, naye akaja akitetemeka, akasema kweli yote.

Kama maradhi yake yalikuwa saratani, Maandiko hayasemi, wala sisi tusiseme. Lakini haya yake twaijua. Ingali ikikaa nyumbani mwetu.

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi katika Tanzania kuliko saratani nyingine yo yote. Walakini haiji ghafula. Mwaka 1983 tabibu Mjerumani, Harald zur Hausen, na wenzake walikiona ndani ya uvimbe huo kirusi kiitwacho HPV. Huambukizwa kwa kukutana kimwili, nacho ni cha kawaida mno, hata mke asiyemjua mume mwingine aweza kuwa nacho. Basi mtu asimhukumu mgonjwa. Mara nyingi mwili hukishinda. Kisiposhindwa, hukawia miaka 15 hata 20 kabla ya kuleta saratani. Kwa mwenye Virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, 5 hata 10. Katika miaka hiyo hakuna maumivu, na ndipo tiba ilipo nyepesi.

Na kupimwa ni kitu gani? Muuguzi hupaka siki hafifu, hungoja dakika moja, akatazama. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku ile ile. Mjini Mumbai, India, wanawake wapata 150,000 walifuatwa miaka 12. Nusu yao walipimwa kwa siki, na waliowapima hawakuwa waganga, bali wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Habari ilitolewa mwaka 2014: katika nusu ile vifo vya saratani hiyo vilipungua karibu theluthi. Siki, ndugu zangu!

Mwenye miaka 30 na aende asipougua. Mwenye Virusi vya Ukimwi na aanze akiwa na miaka 25. Na damu itokayo baada ya hedhi kukoma kabisa, msiseme ni uzee. Nendeni upesi.

Sasa nasema na akina baba. Tangu 2018 wasichana wa nchi hii huchanjwa, na tangu 2024 ni sindano moja, kwa wenye miaka 9 hata 14. Wako wanenao kwamba chanjo hufanya tasa. Ni uongo, wala mwalimu wa kanisa asiunyamazie. Katika Sweden waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipungukiwa na saratani hiyo kwa 88 katika mia.

Sura ile ile yataja binti wa miaka 12. Baba yake, Yairo, alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima mjini, wala hakumtuma mkewe. Alikwenda mwenyewe.