Peugeot ya Marehemu Baba

Marehemu baba alituachia nyumba Kisauni, deni dogo la dukani na Peugeot 504. Nyumba na deni havikutupa shida, maana sheria ya mirathi imekwisha kukata maneno: deni hulipwa kwanza, kisha kila mrithi hupewa fungu lake. Gari ndilo lililotukesha barazani. Kakangu anataka injini ya Peugeot ing'olewe itiwe ya Toyota, gia ishushwe chini, rimu ziwe pana na kiyoyozi kifungwe. Ami yetu hataki hata kuyasikia hayo. Yeye anataka gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, mpaka vifuniko vya magurudumu. Na kwa kuwa mimi nasomesha dini, ami akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Dini yasemaje?"

Dini haina mlango wa kabureta. Lakini ina mengi ya kusema juu ya mali iliyokuwa ya mtu mwingine, na juu ya kitu kikongwe ambacho kila kizazi kinataka kukitengeneza kitakavyo. Nimelichukua swali la ami kwa uzito wake, kwa sababu naamini kuwa vile tunavyovitunza vitu vya maiti wetu ni sehemu ya heshima tunayowapa wao wenyewe.

Tuanze na neno la baba. Alikuwa akisema, "Gari hili msije mkaliharibu." Ami huliita neno hilo wasia. Mimi siliiti hivyo. Wasia katika Uislamu una mipaka yake: hauzidi theluthi ya mali, wala haumpi mrithi mmoja zaidi ya fungu lake bila ridhaa ya wenziwe. Na roho ikishatoka, milki nayo imemtoka mtu. Anayetaka kuifunga mali yake hata baada ya kufa amewekewa njia ya wakfu. Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi Khaybar alikwenda kumtaka Mtume ushauri, na ardhi ile ikawekwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, bali mavuno yake yaende kwa wahitaji. Mombasa kumejaa nyumba na viwanja vya namna hiyo, na vitu vinavyohamishika navyo huwekwa wakfu, almuradi vitumike bila kuteketea. Baba aliyajua haya vizuri kuliko sisi. Angetaka kulifunga gari angelifunga. Hakulifunga. Kwa hiyo neno lake linatudai adabu, na adabu huanza kwa kuuliza alikusudia nini.

Jibu limo ndani ya gari lenyewe, kwa sababu baba hakuwahi kuliacha kama alivyolipata. Aliliendesha teksi ya Malindi tangu siku ambazo Kilifi ilivukwa kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa 1991. Mkono wa gia, ule unaotokeza kwenye usukani, ulivunjika njiani akauchomelea hukohuko Kilifi. Fundi alimwachia uvimbe wa chuma kama punje ya hindi. Baba akausugua kwa tupa mwenyewe, jioni kwa jioni, mpaka ukawa laini, lakini hakuumaliza wote. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu kidole cha shahada kinaupata pale pale. Chini ya zulia la nyuma pana kiraka cha bati la debe, kimepigwa ribiti kwa mpangilio ambao fundi wetu aliupiga picha kwa kuusifu. Juu ya paa pana matundu manne ya kichukuzi cha mizigo, yamezibwa kwa lami.

Siku tuliyompelekea fundi gari alichukua msasa akasugua mahali padogo karibu na bawaba ya mlango, pasipoonekana mlango ukifungwa. Juu ilikuwa rangi ya maziwa. Chini yake ukatokea mstari wa manjano wa teksi juu ya nyeupe, chini ya nyeupe buluu, chini ya buluu ile rangi ya kijivu ya msingi, kisha bati linang'aa. Rangi zote hizo hazikuzidi unene wa ukucha. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, hiyo asili mnayoitaka ni ipi katika hizi?"

Swali lile lingetosha kuvunja baraza lolote. Ami anaposema asili anasema kiwanda. Basi na tukitazame kiwanda. Peugeot ilitoa 504 mwaka 1968, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, na ndiye aliyelipa lile buti linaloteremka kwa mkato. 1969 likachaguliwa gari la mwaka la Ulaya. Ufaransa iliacha kutengeneza sedani hizo 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baadaye. 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na watoto wa pwani hii tukajiona kama kwamba sisi ndio tulioshinda. Gari letu liliunganishwa humuhumu nchini. Mchoro wa Mtaliano, jina la Mfaransa, mikono ya Mkenya. Hata siku ya kwanza lilipowashwa lilikuwa limekwisha pita kwa watu wengi.

Kuna shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa 1966. Gari la kihistoria kwao ni lenye miaka 30 au zaidi, lililohifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisilotumiwa kwa usafiri wa kila siku. Nawaheshimu kwa kazi yao. Lakini sharti hilo la mwisho linalitoa gari la baba katika historia muda wote lilipokuwa likiitengeneza historia yake. Lilibeba waja wazito, maiti, mahari, magunia ya nazi na wanafunzi waliokuwa wamechelewa mtihani. Ukilikwangua hadi bati ukalirudishia buluu, ukakata ule mkono wa gia ukatia mpya, utapata gari safi lisilowahi kumbeba mtu yeyote.

Sasa nije kwenye dalili niliyompa ami, na nasema mapema kwamba silinganishi chuma cha dunia na Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nachukua namna ya kufikiri tu. Makureishi walipoijenga upya Kaaba, kabla ya utume, mali ya halali iliwapungukia, wakaacha sehemu ya Nyumba, katika eneo liitwalo Hijri, nje ya kuta na mlango wakaunyanyua juu. Mtume alijua misingi ya Nabii Ibrahim ilipo. Alipoifungua Makka alikuwa na uwezo wa kuirudisha. Akamwambia Bibi Aisha kwamba lau si watu wake kuwa karibu mno na zama za ukafiri, angeivunja na kuijenga juu ya misingi ile. Hakuivunja. Aliacha jengo lililobadilishwa likae lilivyo, kwa kuzichunga nyoyo za waliokuwa wakilitazama.

Hadithi haikuishia hapo. Kaaba ilipoungua katika mzingiro wa mwaka 683, Abdallah bin Zubeir, aliyeitawala Makka wakati ule, aliijenga juu ya misingi ya Ibrahim, akaiingiza Hijri ndani, akatia milango miwili. Alipouawa, Hajjaj, jemadari aliyempiga vita, akairudisha kama ilivyokuwa kwa Makureishi. Baadaye khalifa wa Bani Abbas akataka kuirudisha tena alivyoijenga Ibn Zubeir, akamuuliza Imam Malik. Imam akamzuia, asije akaifanya Nyumba mchezo wa wafalme, kila ajaye avunje ajenge, mpaka haiba yake iondoke katika nyoyo. Kuta zilizopo leo zilijengwa baada ya mafuriko ya 1630, katika utawala wa Sultan Murad wa Nne. Hakuna Mwislamu anayeielekea katika sala akiwa na shaka kwamba ndiyo yenyewe.

Kwangu kisa hiki kinawajibu wote wawili. Ami apate kwamba kurudi kwenye asili si jambo jema kwa kila hali, maana aliyeijua asili kuliko wote, na mwenye uwezo wa kuirudisha, aliiacha. Na kakangu apate kwamba kitu kinachobadilishwa na kila anayekishika humwondokea mtu moyoni, hata kama kila badiliko kwa peke yake lina hoja yake.

Kakangu hapendi nikimjibu kwa vitabu vya zamani tu, kwa hiyo nilimtafutia kesi ya magari. London, 1990, kampuni iliyokubali kununua Bentley iitwayo Old Number One kwa pauni milioni 10 ilikataa kulipa. Gari la jina hilo lilishinda mbio za Le Mans 1929 na 1930. Lakini lilikuwa likitengenezwa na kugeuzwa kila msimu. Mwaka 1932 lilitiwa injini kubwa ya lita 8, na dereva Clive Dunfee akafa nalo katika uwanja wa mbio wa Brooklands mwaka huohuo. Likajengwa tena kwa bodi nyingine. Mnunuzi alisema mahakamani kwamba vyuma vilivyoshinda Le Mans karibu vyote vimekwisha, basi gari lenyewe halipo. Jaji Otton akahukumu kwamba halistahili kuitwa la asili, lakini ndilo Old Number One la kweli, kwa kuwa historia yake haikukatika wakati wowote na hakuna gari jingine duniani linaloweza kulidai jina hilo. Mnunuzi akatakiwa kutimiza mkataba.

Hukumu hiyo naikubali, na naikubali kwa sababu moja: mabadiliko yale yalijulikana. Kila kipande kilichotolewa na kilichotiwa kiliweza kusemwa mbele ya jaji. Hapa ndipo ninapoona dhambi ilipo. Mtume alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akamweka mwenye kughushi nje ya umma wake. Nikipita katika gereji zetu nakiona kisa kile kila siku: puti nene juu ya kutu, rangi inayometa juu ya puti, kilomita zimerudishwa nyuma, na mnunuzi amesimama anachekelea. Gari lililorudishwa katika hali ya kiwandani kwa uongo na gari lililogeuzwa kwa uongo kwangu ni mamoja. Kubadilisha kuna halali yake na haramu yake, lakini kuficha hakuna halali hata chembe.

Basi tuliamua hivi. Injini inabaki. Fundi aliifungua akakuta bloku ni nzima, akabadilisha ringi na gasketi, ikawaka. Ingekuwa imekufa ningekuwa wa kwanza kusema itiwe ya Toyota, maana baba alinunua gari ili liende. Lakini kuing'oa injini nzima ili gari lishindane na vijana kwenye barabara ya Malindi ni kuibebesha bodi ya kale na breki zake nguvu ambazo hazikupimiwa. Kakangu alinuna, kisha akasikia sauti ya injini ile asubuhi, akanyamaza.

Breki na mikanda sikuvijadili. Maulamaa wametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na nafsi imetangulia mali. Siti ya nyuma haikuwa na mikanda. Kenya ilipolazimisha mikanda katika magari ya abiria 2004, kwa zile kanuni za Waziri Michuki, baba alikuwa ameshaacha teksi, akaiacha siti ilivyo. Sasa nyuma wanakaa wajukuu zake. Ami alisema matundu ya mikanda yatatoboa bati la asili. Nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba hakuna bati la asili litakalonishuhudilia siku nitakapoulizwa kuhusu mtoto.

Kiyoyozi kilinipa taabu zaidi, kwa sababu mama ana pumu na joto la Machi linamlemea. Fundi akapata cha kuning'inia chini ya dashibodi, kinachofungwa kwa bolti na kutolewa bila kukata kitu. Nilikikubali kwa furaha. Rimu pana nilizikataa. Rangi imebaki ile ya maziwa, na pale karibu na bawaba tumepaka vanishi tupu ili rangi zote zionekane kwa atakayeuliza. Ule uvimbe wa gia haukuguswa. Kakangu mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi aweke tupa chini.

Wewe uliyerithi gari la mzazi, au pikipiki, au jahazi, au cherehani, nakuomba jambo moja. Nunua daftari. Andika kila kilichotolewa, kilichotiwa, siku yake, jina la fundi na sababu. Vyuma vilivyotolewa vitie katika sanduku, usiviuze kama vyuma chakavu. Na siku utakayouza, msomee mnunuzi daftari lile lote kabla hujapokea fedha yake.