Roho Alipomzuia Paulo

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 16, mwanzie mstari wa 6. Paulo, Sila na Timotheo wamepita Frigia na Galatia, na nia yao ni kulihubiri Neno katika Asia, jimbo la Kirumi ambalo leo ni magharibi mwa Uturuki. Roho Mtakatifu anawakataza. Wanaelekea kaskazini, wanajaribu kuingia Bithinia. Huko nako wanazuiwa. Luka, mwandishi makini kama alivyo, haelezi popote ni kwa nini.

Tazameni ni mpango wa namna gani uliokataliwa. Paulo hakuwa Yona anayekimbilia Tarshishi. Alitaka kuhubiri Injili, na Mwenye Injili akamwambia hapana! Basi ndugu yangu, posa yako ikivunjika, mkataba wako wa kazi usipoongezwa, jina lako likikosekana kwenye orodha ya mkopo wa chuo, usikubali mtu akwambie kwamba lazima una dhambi ya siri au imani haba. Wapo wanaosema hivyo, tena madhabahuni, na wanawajeruhi watu wa Mungu. Wamtafutie Paulo naye dhambi ya safari ile.

Mtume alishuka Troa, bandarini. Usiku akaona maono: mwanamume wa Makedonia amesimama, anamsihi avuke awasaidie. Wakapanda chombo. Walipofika Filipi hawakupokewa na mwanamume yule. Siku ya sabato walitoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto walipodhani pana mahali pa kusali, wakawakuta wanawake. Wakaketi, wakaanza kuzungumza nao. Mmoja wao, Lidia, mwuza rangi ya zambarau, Bwana akamfungua moyo, akabatizwa yeye na nyumba yake. Na Lidia alitoka wapi? Thiatira! Mji wa Asia ileile ambayo Paulo alikatazwa kuhubiri. Mungu hakuwa amewasahau watu wa Asia hata dakika moja.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Katika mji huohuo Paulo na Sila walivuliwa nguo, wakapigwa bakora, wakafungwa miguu kwenye mkatale. Kutii maono hakukuwaepusha na gereza. Miaka ilipita ndipo Paulo akakaa Efeso, na sura ya 19 inashuhudia kwamba kwa miaka miwili wote waliokaa Asia wakalisikia neno la Bwana. Bithinia je? Hatusomi popote kwamba Paulo aliwahi kufika. Lakini waraka wa kwanza wa Petro unawasalimu waamini waliokuwa huko. Mpango wa Paulo ulikwama. Wa Mungu haukukwama.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili tuna ushahidi mwingine karibu na nyumbani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa chama cha CMS (Church Missionary Society), moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alifanya kazi Shoa, Ethiopia, akaondoka mwaka 1842, na njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka 1844 akafika Mombasa akitumaini kuwafikia kwa kupitia pwani. Julai ya mwaka huo mkewe Rosine alijifungua binti, na homa ikamwua siku chache baadaye. Kisha mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Kaburi la mama na mtoto liko bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Mtu huyu aliinuka, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akafungua kituo cha Rabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Kuwafikia Waoromo kutoka Mombasa, kama alivyopanga, hakukutimia mikononi mwake.

Sitasema kwamba Mungu alimtwaa Rosine ili sisi tupate sarufi. Mungu wetu si mfanyabiashara wa kubadilisha maiti kwa vitabu, na mhubiri anayemkokotolea mfiwa hesabu ya namna hiyo anyamaze, akae naye matangani. Ninachosema ni hiki: Krapf alimshika Bwana kabla hajaona faida yoyote. Hiyo ndiyo imani ninayowasihi muwe nayo. Kumtumaini Mungu kwa sharti kwamba mpango wa pili utakuwa mnono kuliko wa kwanza ni kuutumaini unono.

Lia, kama una machozi. Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane, zaidi ya mara moja, kikombe kimwepuke, na Baba hakumkemea. Lakini usipige kambi Troa ukikodolea macho njia ya Bithinia. Umerudi kijijini kwa sababu kazi ya mjini imekwisha? Kanisa la hapo lina watoto wasio na mwalimu wa shule ya Jumapili. Umekosa chuo mwaka huu? Jirani yako ana mgonjwa anayehitaji wa kumsomea Zaburi. Usingoje uelewe kwanza. Piga magoti leo, umtajie Bwana kwa jina mpango wako uliovunjika, umwachie, na kesho asubuhi uende kwa hao waliokaa kando ya mto.