Feni Ni Ahadi

Je, nina haki ya kumwachia kazi mtu ambaye bado hajafika, na ambaye sikumwomba ruhusa? Swali hili tumezoea kulisikia linapozungumzwa suala la misitu, deni la taifa au tabianchi. Mimi limenijia kupitia kifaa kidogo kuliko kiganja changu: kipoza joto cha chipseti.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna ubao unaobeba vyote, ambao mafundi wanauita mazabodi. Prosesa inajulikana na kila mtu, na kipoza joto chake ni kikubwa. Lakini chini yake kidogo kuna chipu nyingine, chipseti, inayopitisha data kati ya prosesa na diski, milango ya USB na mtandao. Ni kama karani wa masjala: hatajwi kwenye hotuba, lakini asipokuja kazini ofisi inasimama.

Zamani chipu hizi zilikuwa na kazi nyingi zaidi, ikiwemo kusimamia kumbukumbu. Kazi hiyo ikahamia ndani ya prosesa, kwa AMD mwaka 2003 na kwa Intel mwaka 2008, na kwa muda chipseti nyingi zikatosheka na kipande cha alumini. Kisha mwaka 2019 AMD ikatoa X570, yenye njia za data za PCIe 4.0 na joto la takriban wati 11. Mazabodi nyingi za kizazi hicho zikaja na feni ndogo juu ya chipseti.

Kompyuta yetu wanafunzi wa uzamili, katika idara moja hapa Dar es Salaam, ni ya kizazi hicho. Inakokotoa modeli za mvua usiku na mchana. Feni yake ndogo imezeeka, kama kila kinachozunguka kinavyozeeka, na sasa inakwaruza. Nimepewa kazi ya kuchagua mbadala kwa pesa za mchango wetu. Itakapofika wakati wa kubadilisha tena, nitakuwa nimeshahitimu.

Ninavyo viwili vya kuchagua. Cha kwanza ni feni nyingine ndogo ya bei rahisi. Cha pili ni kipande cha chuma chenye mapezi, kisicho na feni, ambacho bei yake ni karibu mara tatu. "Kaka, we unaondoka," mwenzangu mmoja aliniambia. "Weka feni, ikifa watajua wenyewe."

Hoja yake si ya kubezwa. Pesa hii imetoka mifukoni mwa watu wanaohesabu nauli ya daladala, na hakuna anayeweza kubeba mizigo ya kila atakayekuja. Lakini waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa mimi ndiye ninayechagua kitanda cha mwingine.

Mwanzoni niliona jibu ni rahisi: chuma hakizunguki, kwa hiyo hakifi, kwa hiyo hakimdai mtu. Hesabu ilinirudisha nyuma. Tuseme chuma hicho kinapanda nyuzi 4 kwa kila wati. Wati 11 ni nyuzi 44. Katika chumba cha nyuzi 20 chipu itafika 64. Katika chumba chetu kisicho na kiyoyozi, mchana wa Februari wenye nyuzi 32, itafika 76. Kisha kuna kadi ya michoro inayokaa juu yake: mapezi marefu hayapiti, na mafupi yanapoza kidogo. Hata matundu ya skrubu hayafanani kati ya mazabodi na mazabodi, lazima upime kwa rula. Chuma kilichoonekana kujitegemea kinategemea upepo unaopita ndani ya kasha, na upepo huo unaletwa na feni nyingine.

Basi hakuna kipoza joto kisichomhitaji mtu. Feni ni ahadi kwamba yupo atakayeisikiliza, na chuma nacho kinaahidi vivyo hivyo, kimyakimya. Hans Jonas aliandika mwaka 1979 kwamba teknolojia imerefusha mkono wa matendo yetu, na wajibu wetu umerefuka pamoja nao. Alikuwa akifikiria hatari kubwa za dunia. Mimi, mbele ya mazabodi, nauliza jambo dogo zaidi: ikiwa lazima niache deni, ni deni gani ambalo atakayelikuta ataweza kulilipa?

Feni ndogo ina umbo lake la pekee, imejificha chini ya kadi ya michoro, na ili kuibadilisha lazima ufungue nusu ya kompyuta. Feni ya kasha ya milimita 120 ni kipimo cha kawaida. Inazunguka polepole, inashikwa na skrubu nne, na mwenye bisibisi anaweza kuibadilisha kabla chai haijapoa. Zote mbili zitachoka. Tofauti ni kwamba moja inachoka mahali ambapo mkono wa mtu unafika.

Nimependekeza chuma kifupi, na feni moja ya kasha mbele yake. Wawili katika kundi letu wamekataa. Wanasema pesa ya ziada ingelipia uchapaji wa tasnifu. Hawana kosa, na nimewaambia hivyo. Ila wao wapo kwenye kikao na wanaweza kubisha. Mwanafunzi wa mwaka 2029 hana kiti pale, na nisipomsemea, kimya chake kitahesabiwa kuwa ndiyo.

Wakikubali, nitabandika karatasi upande wa ndani wa kasha: tarehe, kipimo cha feni, umbali wa matundu kwa milimita. Wakikataa, nitanunua feni ndogo, na karatasi nitaibandika vilevile.